Okidi za Kyimbila: Kumbukumbu ya Kuzieleza Spishi za Msitu wa Mlimani

Spishi, yaani kundi la viumbe wanaofanana kwa maumbile na kurithishana maumbile hayo kizazi hata kizazi, haihesabiwi katika sayansi ya mimea kuwa imejulikana kwa sababu tu kuna mtu aliyeiona, akaichuma au akaila, bali huhesabiwa hivyo kuanzia siku inapopewa jina, inapoandikiwa maelezo ya kuitenga na ndugu zake, na kielelezo chake kikavu kinapowekwa mahali ambapo mtu mwingine, hata baada ya miaka mia, ataweza kwenda kukikagua. Kati ya mambo hayo matatu, jina ndilo linalovuta macho ya watu, ilhali kielelezo ndicho kinachobeba uzito wote, kwa kuwa jina lisilo na kielelezo halina mahali pa kurudi linapotiliwa shaka. Historia ya okidi za milima inayoizunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa inalithibitisha jambo hili waziwazi, na mwandishi wa kumbukumbu hii, aliyekulia Mbugani katika bonde la Kyela na kuitazama milima hiyo kila asubuhi upande wa mashariki, alichelewa sana kufahamu kwamba historia hiyo ilianzia karibu na kwao.

Bonde la Kyela ni tambarare la mpunga, kakao, migomba na michikichi, lililo katika mwinuko wa mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na linalolishwa na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inainuka ghafla kutoka ufukweni Matema hadi kuvuka mita 2,000, na nyuma yake iko nchi ya Wakinga pamoja na uwanda wa juu wa Kitulo. Upande wa kaskazini umesimama Mlima Rungwe, volkano iliyolala, wenye urefu unaokaribia mita 3,000. Unyevu unaopanda kutoka ziwani hugota kwenye miteremko hiyo, ukageuka ukungu na mvua nyingi mno, na kwa sababu hiyo misitu ya huko juu imejaa kuvumwani, mianzi na miti mikubwa ambayo magome yake hayaonekani kwa wingi wa mimea midogo iliyoyafunika. Miongoni mwa mimea hiyo ziko okidi za aina mbili kuu kwa namna ya kuishi: zile zinazokaa juu ya miti bila kuinyonya, zikitumia gome kama mahali pa kushikilia tu, na zile za ardhini, ambazo nyingi hujihifadhi wakati wa kiangazi katika viazi vilivyofukiwa chini ya nyasi.

Mtu aliyezifungulia okidi hizi mlango wa maandishi ya sayansi ni Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi katika kituo cha Kyimbila, karibu na Tukuyu, katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza. Wamoravian walikuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, na Stolz, pamoja na shughuli zake za misheni, alikusanya mimea ya nchi hiyo kwa bidii ambayo wataalamu wengi waliolipwa kwa kazi hiyo hawakuifikia. Aliikausha, akaipa namba, akaisafirisha Ulaya kwa nakala kadhaa, nyingine zikienda Berlin na nyingine zikisambazwa katika makumbusho mengine. Okidi zake zilimfikia Rudolf Schlechter, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa okidi wa wakati wake, ambaye katika maisha yake alitoa majina kwa spishi zaidi ya elfu moja. Mwaka 1915, wakati nchi hizi zimo vitani, Schlechter alichapa kazi ndefu iliyohusu okidi za Stolz peke yake, akazieleza humo spishi nyingi ambazo hazikuwa na jina katika sayansi. Kwa namna hiyo majina ya vijiji na makabila ya huku yakaingia katika vitabu vya mimea vya dunia nzima: Habenaria kyimbilae, yenye kubeba jina la Kyimbila, Disa ukingensis, yenye kubeba jina la Ukinga, na Disa stolzii, iliyopewa jina la mkusanyaji mwenyewe.

Ili thamani ya kazi ya namna hiyo ieleweke, yafaa kuangalia kwa karibu jinsi okidi inavyoelezwa, maana ua la okidi halisomeki kama ua la mharagwe au la pamba. Lina sepali tatu, ambazo ni majani ya nje yanayolifunika ua kabla ya kuchanua, na petali tatu za ndani, lakini moja ya petali hizo imebadilika kabisa umbo na kuitwa mdomo, ikawa mara nyingine pana, mara nyingine yenye nyuzinyuzi, mara nyingine imekunjamana kama kofia. Katika spishi nyingi, ua linapokaribia kuchanua, kikonyo chake hujisokota nusu mzunguko, hata mdomo uliokuwa juu ukashuka chini na kuwa mahali pa kutua mdudu. Viungo vya kiume na vya kike, ambavyo katika maua mengine husimama mbalimbali, katika okidi vimeungana kuwa kitu kimoja kifupi kiitwacho nguzo, na chavua, yaani ungaunga wa kiume, haipeperuki bali imefungwa katika vifurushi vidogo vinavyonata kwenye kichwa au ulimi wa mdudu na kubebwa vyote kwa pamoja. Okidi nyingi zina pia kibomba chembamba, kilicho wazi upande wa ua na kuzibwa upande wa mwisho, ambacho huweza kuhifadhi nekta. Katika jenasi Disa kibomba hicho hutokana na sepali ya juu, na katika jenasi Satyrium vimo viwili, vimetokana na mdomo wenyewe, ambao haukushuka chini bali umebaki juu kama paa. Jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, na neno lake hutangulia katika jina la kisayansi.

Kwa hiyo mtu anayetaka kusema kwamba okidi aliyonayo ni mpya hana budi kupima urefu wa kibomba, upana wa mdomo, idadi ya vifurushi vya chavua, umbo la nguzo na mpangilio wa majani, kisha akavilinganisha vipimo hivyo na vya kila spishi iliyo jirani, si katika nchi yake tu bali popote jenasi hiyo inapoota. Ua likikauka hupoteza rangi na kusinyaa, ndiyo maana wakusanyaji waangalifu hutia maua machache katika kimiminika cha kuhifadhia, na wataalamu wanaotumia vielelezo vya zamani hulichemsha ua kavu kwa muda mfupi mpaka lilainike, ndipo wakalifungua chini ya hadubini. Kazi hii ni ya polepole, haina shangwe, na asilimia kubwa yake hufanyika mezani badala ya msituni. Neno ugunduzi, linalopendwa na magazeti, humfanya msomaji afikirie dakika moja ya furaha chini ya mti, ilhali kati ya siku mmea unapochumwa na siku unapochapwa jina lake huweza kupita miaka mingi.

Mfano ulio bora katika okidi za Kyimbila ni jenasi Stolzia, ambayo Schlechter aliianzisha katika kazi ile ya mwaka 1915 kwa heshima ya Stolz. Mimea yake ni midogo kiasi kwamba mpita njia huidhania kuvumwani. Mashina yake hutambaa juu ya gome, yakivimba na kuungana ncha kwa ncha kama mnyororo, na maua yake ni madogo, si ya kumfanya mtu asimame. Mmoja wa mimea hiyo, ambao leo unaitwa Stolzia repens, ulikuwa umekwisha kuelezwa kabla ya hapo kama spishi ya Polystachya, jenasi nyingine ya okidi za mitini iliyoenea sana Afrika, na baadaye V. S. Summerhayes, mtaalamu wa okidi za Afrika katika bustani ya Kew nchini Uingereza, akauhamishia katika Stolzia. Sababu za kutenga jenasi hizi mbili hazionekani kwa macho matupu: Stolzia ina vifurushi vinane vya chavua, idadi ambayo Polystachya haina. Mmea wenye maua madogo kuliko kucha ya kidole, unaoota juu ya tawi lililofunikwa na ukungu, ulidai kupewa jenasi yake wenyewe kwa sababu mtu alikuwa na subira ya kuhesabu vitu visivyofikia ukubwa wa chembe ya mchanga. Wanaoiona botania kuwa ni kupamba maua kwa majina ya Kilatini wangefaa kuutafakari mfano huu kwa makini.

Lililofuata ni msiba ambao haukutokea Nyasa bali Ulaya. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu ya vita yaliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin, na mkusanyo wa okidi wa Schlechter ukateketea humo. Vielelezo ambavyo mtaalamu huyo alivishika mkononi alipokuwa anaandika maelezo yake ya mwaka 1915 vikawa majivu. Kwa kanuni za utoaji wa majina ya mimea, jina la spishi hufungwa katika kielelezo kimoja kiitwacho kielelezo-msingi, ambacho ndicho mwamuzi wa mwisho pale wataalamu wanapobishana kuhusu mmea unaostahili jina hilo, na kutaja kielelezo hicho ni sharti la lazima kwa kila jina jipya tangu mwaka 1958. Kielelezo-msingi kikipotea, maelezo yaliyoandikwa hubaki yakielea. Okidi za Kyimbila ziliokolewa na jambo moja tu: Stolz alikuwa amekata zaidi ya kielelezo kimoja, na nakala zilizokwenda kwingine, Kew ikiwemo, zilikuwa salama. Kutokana na nakala hizo wataalamu waliofuata waliweza kuchagua vielelezo vya kuchukua nafasi ya vile vya Berlin. Summerhayes aliyaandika mapitio ya sehemu ya kwanza ya okidi za Afrika Mashariki, iliyochapwa mwaka 1968, na Phillip Cribb akakamilisha sehemu mbili zilizobaki, mwaka 1984 na mwaka 1989, katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambao ulifika mwisho mwaka 2012 ukiwa na spishi zaidi ya 12,000.

Kwa mwandishi wa kumbukumbu hii, habari ya moto wa Berlin haikuwa somo la darasani. Katika ujana wake alipata kazi ya kuwasaidia watafiti wa mimea waliokuwa wakipanda kutoka Matema kuelekea Ukinga, kazi yake ikiwa kubeba mbao za kubania, magazeti ya kukaushia na jiko la kuyapashia joto, na kila mara alipoona mmea mmoja ukikatwa mara tatu au nne, kisha vipande hivyo vikabanwa kimoja kimoja chini ya namba ileile, aliona kuwa ni uharibifu usio na maana. Mtafiti mmoja alimweleza wakati wa kubadilisha magazeti jioni kwamba nakala moja ilikuwa ya Dar es Salaam, nyingine ya Arusha na nyingine ya Kew, na kwamba mpango huo haukutokana na wingi wa mimea bali na woga wa moto, maji na wadudu. Ilikuwa pia ni desturi yao, na inafaa iwe desturi ya kila mtu, kutochuma kitu pale ambapo mmea ulikuwa mmoja au miwili tu, na badala yake kupiga picha, kuchukua ua moja na kuandika mahali.

Suala la kuandika mahali ndilo lililozua mazungumzo ambayo kijana yule hakuyasahau. Vielelezo vingi vya Stolz hutajwa katika vitabu kwa jina la Kyimbila, na mtu wa Rungwe anajua kwamba kati ya Kyimbila yenyewe na kilele cha mlima kuna mabonde, mabadiliko ya baridi na misitu ya namna mbalimbali, kiasi kwamba jina la kituo peke yake halitoshi kumfikisha mtafutaji kwenye mti unaohusika. Siku moja mzee wa Kikinga aliyekuwa anawaongoza watafiti alimwona kijana anajaza karatasi ya maelezo ya mmea, akauliza ameandika mahali gani. Alipojibiwa kwamba ameandika Matema, kwa kuwa ndiko msafara ulikoanzia, mzee akasema, “Mwanangu, atakayekuja baada yako atalitafuta ua hili ufukweni, kwenye mchanga. Andika jina la kijito hiki.” Kijana akajibu, “Ndiyo, mzee,” akaandika jina la kijito, mwinuko wake, upande wa mteremko, na aina ya mti ambao okidi ilikuwa imeshikilia. Mzee hakuwa amesoma kanuni yoyote ya botania, lakini alichodai ndicho kinachodaiwa na kanuni hizo, na alikidai kwa sababu alizijua njia za msitu na alijua jinsi mtu anavyopotea.

Watu wa namna hiyo hawaonekani katika maandishi ya mwaka 1915. Hakuna anayeweza kuamini kwamba Stolz alizunguka misitu ya Rungwe na Ukinga bila wenyeji wa kumwonyesha njia, kumkatia matawi ya juu na kumwambia ni msimu gani mmea upi unachanua, na bado heshima yote ya majina iligawanywa kati ya mkusanyaji, mwandishi na mahali. Katika karne iliyofuata mambo yalianza kubadilika, na misitu hii hii imetoa ushahidi ulio mashuhuri zaidi kuliko wa okidi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone, baada ya kusikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji, walimtafuta wakamwona. Mnyama huyo alielezwa kisayansi mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, huku jina la Kinyakyusa likibaki kuwa jina lake la spishi. Mnyama mkubwa kiasi hicho alikuwa akijulikana na wawindaji kwa jina, kwa tabia na kwa makazi, wakati vitabu vyote vilikuwa kimya. Kama kipunji aliweza kukaa nje ya vitabu mpaka karne ya 21, haishangazi kwamba juu ya matawi anayopita bado ziko okidi ndogo ambazo hakuna aliyezihesabia vifurushi vya chavua.

Hata hivyo kujulikana na wenyeji hakumaanishi usalama, na katika jambo hili okidi za ardhini zina kisa kizito. Kiazi cha okidi hizo, hususan za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria, husagwa kikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, kikapikwa mpaka kikawa kama mkate mzito uitwao chikanda, chakula kipendwacho sana Zambia. Viazi vya huko vilipopungua, wachuuzi waligeukia nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na magunia yakaanza kupita mpakani Tunduma. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavushwa kila mwaka kutoka nyanda hizo. Uzito wa hesabu hiyo unaonekana mtu anapofahamu jinsi okidi ya ardhini inavyoishi: kwa kawaida mmea huwa na viazi viwili, kimoja kikuukuu kinachoulisha mwaka huu na kimoja kichanga kilichowekwa akiba kwa mwaka ujao, na anayechimba huung’oa mmea wote, akaiondoa na akiba. Mbegu nazo haziwezi kuziba pengo hilo haraka, kwa sababu ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa udongoni wa aina inayofaa, ambaye huzilisha katika siku zake za mwanzo. Shamba la okidi haliwezi kupandwa kama shamba la viazi mviringo vya Makete, huko Ukinga.

Uanzishwaji wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 413 na inayojumuisha pia msitu wa Livingstone, ulitokana kwa sehemu kubwa na hofu ya okidi hizi kumalizwa, na kwa mara ya kwanza katika nchi za Afrika ya kitropiki hifadhi ya taifa ilitengwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji walikuwa wakiuita uwanda huo Bustani ya Mungu kabla ya mpaka wowote kuchorwa. Ndani yake zimeorodheshwa spishi 45 za okidi za ardhini, na kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapokuwa zimeshika, nyingi kati yake huchanua kwa pamoja. Lakini mchimbaji anayefuata bei haulizi mpaka, na anayemkamata hana namna ya kutambua alichokikamata, kwa kuwa kiazi kikiisha kutolewa udongoni hakina ua, hakina jani, na viazi vya spishi ya kawaida na vya spishi inayopatikana katika bonde moja tu hulingana. Okidi zote zimo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, lakini sheria inayokataza kusafirisha spishi fulani haina meno pasipokuwa na mtu wa kuitambua spishi hiyo ndani ya gunia.

Hapo ndipo vielelezo vya Kyimbila vinaporudi kazini, katika matumizi ambayo Stolz na Schlechter hawakuweza kuyafikiria. Siku hizi watafiti huchukua kipande cha kiazi, au hata cha mkate wa chikanda uliokwisha kupikwa, wakasoma humo sehemu fupi za vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe hai, na kuzilinganisha na vinasaba vya mimea inayojulikana. Ulinganisho huo hutoa jibu pale tu ambapo upande wa pili upo mmea uliotambuliwa bila shaka, nao utambuzi huo hurudi kwenye kielelezo kikavu chenye namba, mahali na jina. Spishi ambayo haijaelezwa haiwezi kutajwa na mashine yoyote, wala haiwezi kutetewa mahakamani Tunduma au Makete, hata kama kila mchunga ng’ombe wa uwandani anajua inapoota. Kwa sababu hiyo nakala zinazowekwa Dar es Salaam na Arusha, karibu na wanafunzi wa botania wa nchi hii na karibu na wakaguzi wa mipakani, zina kazi ambayo nakala ya Ulaya haiwezi kuifanya kwa haraka inayohitajika. Katika karatasi za maelezo ambazo mwandishi huyu ameendelea kuwasaidia watafiti kuzijaza, baada ya jina la mkusanyaji huandikwa, kwa ridhaa ya mhusika, jina la mwenyeji aliyeuonyesha mmea, jina la mmea kwa Kikinga au Kinyakyusa kama lipo, matumizi yake kama una matumizi, na jina la kijito kilicho karibu.